Kapeti la vinaili linabanduka sakafuni, nyumba ya Chikongola Mtwara: nibandike upya au niling'oe?

BintiChikongola

Wakuu, heshima zenu. Nimehamia nyumba ya kupanga hapa Chikongola, Mtwara mjini. Sebuleni nimekuta kapeti la vinaili, lile la plastiki nene lenye mchoro wa mbao, na halikutandikwa tu kama tulivyozoea, limebandikwa kwa gundi juu ya saruji chumba kizima. Rangi yake bado nzuri, sipendi kulitupa. Lakini pale vipande viwili vinapokutana katikati ya chumba, kingo zimenyanyuka kiasi cha kuingiza kidole. Chini ya dirisha limefura, ukikanyaga linabonyea na kurudi. Na pembe inayopakana na jiko limeachia kabisa. Ukilifunua hapo unakuta unga mweupe, ukungu mweusi na harufu ya uvundo.

Mama yangu anakuja kukaa nami wakati anahudhuria kliniki Ligula. Ni mtu mzima, miguu haina nguvu, na ule ukingo wa katikati unanitia hofu kuliko kingine chochote. Mwenye nyumba ameniruhusu nirekebishe nitakavyo. Nibandike upya, au niling'oe lote nirudi kwenye niru, ile saruji iliyolainishwa juu? Na kama ni kubandika, gundi gani inashika kwa hali ya hewa yetu?

Mkorosho

Pole dada. Nunua kopo la gundi ya njano, ile ya mafundi viatu, paka, kandamiza kwa matofali usiku kucha, asubuhi unaendelea na shughuli zako. Kwangu Majengo nilifanya hivyo mlangoni na pameshika mpaka leo.

FundiMikindani

Dada, karibu Chikongola. Kazi yangu ni sakafu, kwa hiyo niruhusu nikucheleweshe kidogo kabla hujatoa hela ya gundi.

Chukua ule unga mweupe kiasi cha ncha ya kijiko, weka kwenye kisahani, udondoshee maji. Ukiyeyuka, hiyo ni chumvi. Ukibaki chini kama mchanga mwembamba, basi ni niru dhaifu inayopukutika. Halafu tafuta nailoni ngumu isiyo na tundu, kata vipande vya mraba vya karibu nusu mita. Inua kapeti sehemu zote tatu ulizotaja (pale dirishani lifunulie kwenye ukingo wa ukuta, usilikate), pangusa saruji ibaki safi, bandika nailoni kwa tepu pana pande zote nne hewa isipite. Acha mpaka kesho. Kipimo hiki hakifai chini ya saa 16. Ukifunua, tazama kama kuna matone upande wa ndani wa nailoni, na kama saruji ya chini yake imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni.

Kaka Mkorosho, sibishi kwamba kwako pameshika. Mlangoni kwenye saruji kavu hata gundi hiyo inajitahidi. Ila hapa dada ametaja unga na uvundo, na hivyo viwili havitibiwi na gundi.

Mkorosho

Sawa fundi, nakusikiliza. Maana wengi tunakimbilia gundi tu.

BintiChikongola

Fundi, shikamoo kama umenizidi umri. Nimefanya kama ulivyosema. Katikati ya chumba nailoni ni kavu kabisa, saruji haijabadilika. Dirishani kavu vilevile. Pembe ya jikoni nailoni imejaa matone mpaka yanatiririka, na saruji imekuwa nyeusi. Unga umeyeyuka wote.

FundiMikindani

Marahaba. Umefanya kazi ambayo wapo mafundi wanaolipwa bila kuifanya. Una sakafu mbili ndani ya chumba kimoja: kubwa ni kavu na inabandikika, pembe moja ni mbichi na kwa sasa haibandikiki kwa gundi yoyote inayouzwa dukani.

Nieleze sababu, kwa kuwa watu wa pwani yetu, kuanzia Kilwa na Lindi mpaka huku, tunapoteza fedha nyingi hapa. Zege lina vinyweleo, maji ya ardhini hupanda kupitia humo. Kama aliyejenga hakulaza nailoni chini ya zege, hakuna kinachoyazuia. Sakafu ikiwa wazi, unyevu hupanda na kupotelea hewani bila wewe kujua. Ukiibandika vinaili, ni kama mfuniko kwenye sufuria ya maji ya moto: mvuke unakosa njia na kugeuka matone chini ya mfuniko. Maji hayo yakishapita kwenye saruji yanakuwa na ukali kama wa magadi, na ukali huo unaila gundi mpaka inakuwa ute. Ndiyo maana ukifunua kapeti la namna hii unakuta gundi inanata vidoleni kama haijawahi kukauka.

Chumvi ni balaa la pili. Zipo nyumba huku zilizojengwa kwa mchanga wa karibu na bahari bila kuoshwa. Chumvi ile hubaki ndani ya zege, inavuta unyevu wa hewani, na maji yanayopanda yanaibeba mpaka juu. Maji yakikauka chumvi inaganda usoni mwa saruji, inavimba na kuisukuma niru ipukutike. Kwa hiyo gundi inaweza kuwa imeshika vizuri sana, lakini imeshika unga, na unga haujashika chochote.

Ila kwako mimi nina shaka nyingine. Unyevu wa ardhini ungekuwa ndio shida kuu, hata katikati ya chumba pangelowa. Palipolowa ni pembe moja tu. Toka nje, zunguka mpaka nyuma ya pembe hiyo. Angalia maji ya bati yanadondokea wapi, karo la kuoshea vyombo linamwaga wapi, na kama udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu ya ndani.

BintiChikongola

Nimetoka kutazama sasa hivi. Bati halina gata upande huo, maji ya mvua yanachimba kishimo pale pale ukutani. Na bomba la karo limekatika, maji ya vyombo yanaishia kwenye msingi. Udongo umejaa hadi umepita usawa wa sakafu, karibu kiganja kizima.

FundiMikindani

Hapo ndipo fedha yako ianzie. Ondoa udongo mpaka ushuke chini ya usawa wa sakafu, uache mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta. Bomba la karo liunganishwe. Gata ifungwe upande huo kabla mvua hazijaanza. Huku kwetu zikianza Novemba au Desemba zinakwenda mpaka Aprili, na hakuna saruji inayokauka chini ya maji ya bati. Hivyo vyote ni vya nyumba, havihusu kapeti, kwa hiyo kaa na mwenye nyumba mwelewane avitoe kwenye kodi. Mpigie picha.

Ndani, kata kapeti la pembe ile kwa mstari ulionyooka mpaka ufike palipo pakavu. Sugua ukungu kwa brashi na maji ya sabuni, pakauke, fagia chumvi kwa brashi kavu. Chumvi usiioshe kwa maji mengi, inayeyuka na kurudi ndani ya zege. Acha wazi, madirisha wazi. Chumvi itatoka tena, utafagia tena. Siku unga ukiacha kutoka na nailoni ikakubali, ndipo uzungumzie kiraka. Inaweza kuchukua wiki nyingi, na mtu akikuahidi kesho usimwamini.

Katikati unaweza kufanya hata leo, kwa ajili ya mama. Ni hivi.

Pasha moto kingo zilizonyanyuka kwa draya ya nywele, taratibu, ukiisogeza sogeza. Huna draya, tumia pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kikavu, usiiache itulie mahali pamoja. Vinaili ikipata joto inalainika, unaweza kuirudisha nyuma bila kuikata. Irudishe kiasi cha kiganja kila upande. Kwangua gundi yote ya zamani, kwenye saruji na nyuma ya kapeti. Kazi hii inachosha na ndiyo watu wanairuka: gundi mpya ikipakwa juu ya gundi iliyokufa itabanduka pamoja nayo. Toa vumbi kwa brashi, kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke kabisa. Mchanga wa Mtwara unaingia kila mahali, na punje moja tu chini ya vinaili itaonekana juu kama kipele.

Kuhusu gundi, tafuta ile nyeupe ya maji ya kubandikia sakafu za plastiki, ya akriliki. Usiichanganye na gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya mbao inalainika ikikutana na maji, na sisi tunadeki kila siku. Ya njano ya viatu ina kimiminika kinachoweza kulainisha vinaili, na yale mafuta yanayofanya plastiki iwe laini hupenya polepole kwenye gundi hiyo na kuigeuza ute. Pengine inaacha hata doa la kahawia linaloonekana juu. Supaglu inakauka ngumu kama kioo, kapeti likicheza inavunjika. Ukikosa akriliki maduka ya Mtwara, agiza Kariakoo ije kwa basi. Ni gundi ya maji, haishiki moto.

Paka nyembamba kwenye saruji kwa mwiko wenye meno madogo au kipande cha bati ulichokikata meno. Soma kopo usubiri muda wake. Nyingi unasubiri mpaka weupe uanze kupotea na inate kidoleni. Laza upande mmoja, kisha wa pili, kingo zikutane bila kupandana. Zikipandana usilazimishe, weka rula ya chuma, kata vyote viwili kwa pamoja kwa kisu chenye wembe mpya, toa nyuzi zilizokatika. Sukuma kwa nguvu kwa msukumio wa chapati kutoka katikati kwenda nje. Gundi ikitokeza, pangusa papo hapo kwa kitambaa chenye maji. Weka karatasi ya nailoni juu, kisha ubao, kisha matofali au ndoo za maji, uache siku nzima. Usideki kwa siku mbili.

Mkorosho

Fundi, na mtu ambaye gundi ya njano ndiyo anayo nyumbani, hana jinsi?

FundiMikindani

Kwa pembe ndogo mbali na maji anaweza. Apake nyembamba pande zote mbili, saruji na kapeti, asubiri mpaka ukigusa kwa kidole isivutike, ndipo abandike, na akishagusisha hapati nafasi ya kurekebisha. Lakini jamani, mvuke wa gundi ile ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni. Jiko la mkaa, la gesi, mshumaa, sigara, vyote vizimwe hata kama viko chumba cha pili. Milango wazi, watoto nje. Nalisema kwa moyo wangu wote kwa sababu nyumba zetu jiko na sebule vinatazamana.

MamaMtanda_Lindi

Wanangu, mimi niko Lindi, Mtanda. Naongezea la dirishani, fundi hajaligusa. Kwangu lilifura hivyo hivyo upande wa jua la asubuhi. Plastiki ikipata jua kali inatanuka, na kama imekatwa ikabanwa na ukuta pande zote haina pa kwenda, inapanda juu. Fundi wangu aliondoa skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, akapunguza ukingo kwa ukutani kama nusu sentimita, uvimbe ukashuka wenyewe hata kabla ya gundi. Sasa nafunga pazia mpaka saa nne.

FundiMikindani

Shikamoo mama. Umesema kweli tupu. Dada, anza na hilo la mama. Ukishapunguza ukingo na uvimbe bado upo, basi ni gundi iliyoachia. Toboa kwa wembe mdogo kufuata mstari wa mchoro wa mbao, mkato wa sentimita moja hivi, hautaonekana. Duka la dawa wanauza bomba la sindano. Vuta gundi ya maji, ingiza kidogo, sambaza kwa kukandamiza na mkono, bonyeza hewa itoke, pangusa, weka uzito. Gundi ikiwa nyingi utabadilisha uvimbe wa hewa kuwa uvimbe wa gundi. Fanya jioni plastiki ikiwa imepoa. Saa saba mchana imetanuka, utabandika uongo.

Nangurukuru

Salaam kutoka Kilwa. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024 maji yaliingia hadi ndani kwangu. Yalipotoka kapeti lilionekana limeshika vizuri, nikafuta juu nikashukuru. Baadaye nyumba nzima ikaanza kunuka. Je, kapeti lililofunikwa na mafuriko lina matengenezo?

FundiMikindani

Poleni sana ndugu wa Kilwa. Lililobandikwa, likishazamishwa na mafuriko, ling'olewe lote hata kama halijaachia. Maji yaliyoingia kwenye zege hayana pa kutokea, na maji ya mafuriko yamebeba uchafu wa vyoo. Lenye mgongo wa sponji usilihifadhi. Lenye mgongo mgumu wa plastiki unaweza kuliosha pande zote mbili kwa sabuni, ukalikausha kivulini, ukalitandika tena bila gundi. Sakafu uipe muda mrefu na uipime kwa nailoni kabla ya kufunika chochote.

Mwera_wa_Mjini

Samahani naingilia. Nimepewa nyumba ya kazi ya zamani, vyumbani kuna vigae vidogo vigumu vyeusi na vya kahawia, vya inchi 9 kwa 9, vingine vimebanduka. Nilikuwa nataka nikodi mashine nivipige msasa nibandike vinaili juu.

FundiMikindani

Simama hapo hapo. Usipige msasa, usikwangue, usivunje. Vigae vya kipimo hicho vilivyotengenezwa kabla ya miaka ya 1980, vingi vilichanganywa asbesto, madini ya nyuzinyuzi, na hata gundi nyeusi ya chini yake inaweza kuwa nayo. Vikiwa vizima vimelala havina madhara makubwa. Vikisagwa vumbi lake linakaa kwenye mapafu na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Mwajiri aliyekupa nyumba aambiwe, kazi ya kuvitoa ifanywe na wenye vifaa. Kwa sasa tandika kapeti juu bila gundi, basi.

Mwera_wa_Mjini

Nashukuru sana. Mashine nilishaiulizia bei. Naiacha.

Jiwe_la_Matumbawe

Fundi jirani yangu, mimi nina nyumba ya babu hapo Mikindani, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Chumba kimoja sakafu ni ya chokaa ya zamani. Mke wangu anataka vinaili.

FundiMikindani

Jirani, mwambie shemeji kwa heshima kwamba nyumba zile zinaishi kwa kupumua. Ukifunga sakafu kwa plastiki na gundi, unyevu utatafuta ukuta, na ukuta wa matumbawe utaupandisha mpaka chokaa idondoke. Wala msimwage saruji juu yake. Weka mkeka wa ukindu, au kapeti lisilobandikwa ambalo mtalikunja kila baada ya siku chache sakafu ipate hewa. Pakikatika, rudishia chokaa kwa chokaa.

BintiChikongola

Katikati nimeshabandika na nimeweka ndoo za maji juu ya ubao, dirishani nitafanya jioni. Mwenye nyumba ameona picha na amekubali gata na bomba vitoke kwenye kodi. Nina maswali mawili ya mwisho. Pembe ikikauka, kiraka nitakipataje kifanane? Na nikinunua kapeti la mlangoni la kufutia miguu, liwe la aina gani?

MamaMtanda_Lindi

La mlangoni naomba nijibu mimi. Usinunue lenye mgongo wa mpira mweusi. Mpira ukikaa juu ya vinaili unaacha doa la njano ambalo halitoki kwa sabuni wala kwa dawa, limeingia ndani ya plastiki. Nunua la kusuka au la kitambaa. Liwe kubwa, mchanga uishie hapo, kwani mchanga ndio unaokwangua na ndio unaoingia kwenye maungio. Na mama akija, lisiwe linateleza. Na kudeki, kamua dekio kabisa. Tumezoea kumwaga maji ya ndoo kama tuko kwenye niru. Maji yale yanaingia kwenye maungio yanakaa huko chini.

FundiMikindani

Mama amemaliza, sina la kuongeza hapo. Kiraka: chungulia chini ya kabati au kitanda cha kujengea, kata kutoka pasipoonekana, ni bora kuliko kununua kipya, kwani rangi itakuwa imezeeka sawa. Kikate kikubwa kuliko tundu, kilaze juu, mistari ya mchoro ifuatane, kishike kwa tepu ya karatasi kisisogee. Kisha kata kwa kisu kupitia tabaka zote mbili mara moja, ukifuata mistari ya mbao ili mkato ujifiche. Toa cha chini, cha juu kitaingia sawasawa. Gundi na uzito kama kawaida.

Pasipo pengine pa kukata, muulize mwenye nyumba kama aliyebandika aliacha mabaki stoo. Yakiwepo, yafungue yalale bapa ndani ya chumba chenyewe siku moja au mbili kabla ya kukata, yapate joto la chumba. Yatakayobaki yazungushe mchoro ukiwa nje, usiyakunje kama shuka, na usiyaweke juu ya dari chini ya bati.